Mali Bila Daftari, Uongozi Bila Mrithi

KAKAMEGA – Ndugu msomaji, liko neno moja ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea mno katika baraza zetu za jioni. Ikipita gari ya Muhindi, au likitajwa duka lake, hakosi mzee mmoja wa kukiweka chini kikombe chake cha kahawa na kusema, "Hawa wenzetu wana bahati yao." Wa pili ataitikia kwamba riziki ni fungu la Mwenyezi Mungu. Wa tatu atakohoa. Kahawa itamiminwa tena, na kila mtu atarudi kwake vile vile alivyokuja.

Neno hilo nimelisikia Mombasa na nimelisikia Malindi. Nilidhani ni letu peke yetu, mpaka nilipolisikia huku Kakamega, nje ya msikiti baada ya swala ya alasiri, vinywani mwa Waislamu waliotoka upande wa Mumias. Nikajiuliza: ikiwa Waislamu wa ziwani na Waislamu wa baharini wote wanaitafsiri kazi ya mwenzao kwa neno moja la bahati, je, hatujajifunga macho kwa kitambaa kimoja?

Riziki ni ya Mungu, hilo halina mjadala. Lakini Mungu huyo huyo ametuamrisha tutazame, tuzingatie na tujifunze. Leo nataka tuwatazame watu wa asili ya Bara Hindi waliopata kuongoza katika biashara na katika michezo hapa kwetu Afrika Mashariki. Sitaki tuwasifu ovyo, wala sitaki tuwaonee wivu. Nataka tuulize walichofanya, walichokosea, na sisi tuchukue lipi.

NANI ALITANGULIA?

Mji wa Kakamega una somo lake katika jambo hili. Kabla ya reli, na kabla ya bendera ya Mwingereza, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa ikipumzika Mumias, katika makao ya ufalme wa Wanga, ikitafuta pembe na chakula cha safari. Mfalme wa huko, Nabongo Mumia, aliwapokea vizuri. Katika mapokezi hayo Uislamu ukaota mizizi, na mpaka leo Mumias ni mji wenye jina katika dini yetu.

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Nyuma yake wakaja Wahindi wenye maduka, wakapanda mpaka vijiji vya ndani. Dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka wa 1931, wazungu walimiminika na sepetu zao, na maduka ya Wahindi yakaongezeka kuwauzia unga, mafuta ya taa, blanketi na misumari.

Kwa hiyo sisi tulitangulia. Mswahili aliijua njia ya kwenda Uganda kabla ya Muhindi wa duka kuiota. Basi kwa nini duka likawa la aliyekuja nyuma?

Jibu la kwanza ni la haki na lazima lisemwe. Serikali ya mkoloni haikutupima wote kwa kibaba kimoja. Ilikuwako sheria iliyozuia Mwafrika asikopeshwe bidhaa kupita kiasi kidogo, na bila ya mkopo hakuna duka linalokua. Muhindi naye alizuiwa kumiliki ardhi katika nyanda za juu zilizotengewa wazungu, akasukumwa mjini, akabanwa katika biashara. Mambo haya yalikuwa sheria za serikali, wala hayakuwa bahati ya mtu.

Lakini jibu hilo halitoshi. Wapo Wahindi wengi waliofilisika katika sheria hizo hizo. Waliosimama walikuwa na kitu kingine.

DAFTARI

Mtazame Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, Bara Hindi, na aliletwa pwani yetu mwaka wa 1863 akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, hana mbele wala nyuma. Alikuwa Muislamu, Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Alitumika Bagamoyo kwa tajiri wa misafara, Sewa Haji Paroo, na pale ndipo alipojifunza kazi. Sewa Haji alipofariki mwaka wa 1897, Allidina alikuwa tayari. Alifungua maduka Kampala, Jinja, Kisumu na kando ya reli, akawa na matawi zaidi ya thelathini, na makao yake makuu akayaweka Mombasa. Watu wakambandika jina la mfalme wa Uganda asiyevaa taji.

Mtu mmoja hawezi kukaa katika maduka thelathini. Hakukuwa na simu za kuzungumza na kila tawi, wala benki katika kila mji. Kilichomwezesha kuongoza watu waliokuwa mbali na jicho lake ni daftari. Kila bidhaa iliandikwa ilipotoka na ilipoingia. Kila mkopo uliandikwa. Kijana aliyetoka Bara Hindi bila senti alipewa bidhaa kwa amana, akaenda nazo ndani, akauza, akarudisha hesabu. Akiwa mwaminifu aliongezewa. Na wengi katika vijana hao baadaye wakajisimamia wenyewe, wakawa na maduka yao.

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaisema methali hii kwa ulimi mtamu, kisha tunakwenda kukopeshana elfu kumi kwa kupeana mikono tu. Tena sisi Waislamu hatuna udhuru kabisa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani tukufu, katika Suratul Baqara, haizungumzi vita wala hadithi za kale. Inazungumza namna ya kuandika deni, mwandishi awe nani na mashahidi wawe wangapi. Mwenyezi Mungu alijua kwamba ndugu wawili wanaopendana wanaweza kutengwa na shilingi mia ambayo haikuandikwa.

Nimeona hayo kwa macho yangu. Nilipata kuwa katika chama kidogo cha kuwekeana fedha, watu ishirini, wote wacha Mungu. Mtunza fedha alikuwa mtu mwema, akiweka hesabu kichwani. Alipougua, kichwa kikaugua pamoja na hesabu. Hakuna aliyeiba, lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kuwa hakuiba, na mpaka leo watu wawili katika sisi hawaamkiani. Daftari la shilingi chache lingeutunza udugu wetu.

KILICHOBAKI

Sasa tusimame kidogo, maana hadithi ya Allidina Visram ina upande wa pili, na upande huo ndio unaonitia hofu.

Allidina alifariki mwaka wa 1916. Ndani ya miaka michache ile biashara kubwa ilianguka. Watu walikuwa wakimwamini yeye. Walimkopesha yeye na walimlipa yeye. Alipoondoka, imani ikaondoka naye, madeni mengi yakawa hayakusanyiki, na mwanawe naye hakuishi sana baada yake. Zile nguzo thelathini zilikuwa zimeegemea mtu mmoja. Hii ndiyo hatari ya kiongozi hodari: uhodari wake wenyewe unaweza kuwalemaza wanaomfuata.

Lakini je, hakuna kilichobaki? Kiko. Nenda Mombasa ukaulize shule ya Allidina Visram, iliyojengwa na mwanawe katika miaka ya 1920 kwa jina la baba. Maduka yameyeyuka, shule ipo, na vijana wa kila kabila wamepita madarasani mwake.

Mrudie tajiri wake, Sewa Haji. Misafara yake imekwisha, wapagazi wake wamekuwa mchanga. Lakini alijenga shule Bagamoyo na akataka ipokee watoto wa kila rangi, wakati ambapo neno hilo lilikuwa geni masikioni. Tena alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam, na katika mizizi ya hospitali ya Muhimbili jina lake limo.

Mtazame na Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora wa Karachi. Alifika Mombasa mwaka wa 1890, akaleta mafundi na vibarua wa kujenga reli, akajenga majumba Nairobi, akaanzisha gazeti la African Standard hapo Mombasa mwaka wa 1902, na mwaka wa 1910 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiyekuwa mzungu kukaa humo. Utajiri wake mwingi ulimponyoka kabla ya kufariki mwaka wa 1936. Bustani aliyowapa watu wa Nairobi ingalipo. Mwaka wa 1991 palipokuwa na mipango ya kujenga maegesho ya magari juu yake, mjukuu wake Zarina Patel alisimama pamoja na wananchi, na bustani ikaokolewa. Leo mtu aliyechoka, asiyekuwa na nauli wala kazi, hulala chini ya miti ile adhuhuri bila kuulizwa na mtu.

Waislamu tunalijua jambo hili kwa jina lake: sadaka yenye kuendelea. Katika watu watatu hawa, walichokishika kilipotea, na walichokitoa kikabaki. Siandiki hivi ili kutunga mawaidha. Ndivyo ilivyotokea, na majengo ni mashahidi.

GARI KUUKUU

Tuingie sasa katika michezo, maana huko kiongozi haonekani kwa mali. Anaonekana mbele ya watu wote, ama ameshinda ama ameshindwa.

Nani asiyemjua Joginder Singh, yule Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932, aliyeitwa Simba wa mashindano ya magari ya Safari? Aliyashinda mara tatu, mwaka wa 1965, wa 1974 na wa 1976. Watu hukumbuka kelele na vumbi. Mimi hukumbuka gari la mwaka wa 1965. Lilikuwa Volvo iliyokwisha kutumika, iliyokimbizwa katika Safari ya mwaka uliotangulia. Wenye viwanda walikuwa na magari mapya na mafundi wao. Yeye alikuwa na gari kuukuu, na pembeni yake nduguye, Jaswant. Lakini alikuwa fundi aliyelelewa katika gereji, na kila kilichomo ndani ya gari alikijua. Alisifiwa si kwa mbio peke yake, bali kwa kumaliza. Katika Safari zaidi ya ishirini alizoanza, ni chache mno alizoshindwa kufika mwisho.

Vijana wetu wengi wanangoja gari jipya ndipo waanze safari. Wanangoja mtaji mkubwa, au mjomba wa Uarabuni. Somo la Simba ni kwamba kiongozi hukijua vizuri chombo alicho nacho, hata kikiwa kibovu, kisha hulenga kumaliza.

Na kwa nini twende mbali? Medali za kwanza za dhahabu za Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hazikutoka milimani. Zilitoka kisiwani Mombasa. Seraphino Antao, Mgoa aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1937, alishinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 mjini Perth, Australia, mwaka wa 1962. Kipchoge Keino alikuwa bado hajajulikana. Mwaka wa 1964 Antao ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya huru katika Olimpiki ya Tokyo. Ni wangapi katika vijana wa Mombasa leo wanaolijua jina lake? Tunaambiwa, na sisi tunakubali, kwamba kukimbia ni kazi ya watu wa bara. Jirani yetu alithibitisha kinyume chake, na sisi tumemsahau.

NAHODHA ALIYEKUBALI KUONGOZWA

Lakini katika wanamichezo wote, anayenigusa zaidi ni Asif Karim. Huyu ni mtoto wa Mombasa, Muislamu, aliyeiwakilisha Kenya katika kriketi na katika tenisi pia. Alikuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la kriketi mwaka wa 1999. Baada ya hapo alistaafu, akarudi kwenye shughuli zake.

Mwaka wa 2003 aliitwa tena. Alikuwa na miaka 39. Nahodha sasa alikuwa Steve Tikolo, aliyekuwa mchezaji chini yake. Hebu jiulize wewe mwenyekiti mstaafu wa chama chochote: ungekubali? Ungekwenda ukakae benchi, ukaambiwa lini uingie na lini utoke na mtu uliyekuwa ukimwamrisha jana? Karim alikwenda.

Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Karim alirusha mipira 50. Katika mipira hiyo mabingwa wale walipata mikimbio 7 tu, na watatu katika wao akawatoa, akiwemo nahodha wao Ricky Ponting. Kenya ilishindwa mchezo ule, lakini ilikuwa imekwisha kufika nusu fainali ya dunia, jambo ambalo hakuna aliyelitabiri, na mzee wa Mombasa alikuwa amewafunza vijana namna ya kusimama mbele ya simba bila kutetemeka.

Hilo ndilo somo ambalo sisi wa pwani tunalihitaji kuliko mengine yote. Kwetu mtu akishuka cheo hususa. Mwenyekiti akishindwa uchaguzi wa kamati ya msikiti, utamwona anaswali msikiti mwingine. Nahodha wa timu ya mtaa akibadilishwa, anaunda timu yake na kuchukua nusu ya wachezaji. Mwalimu mkuu wa madrasa akipata msaidizi hodari, anamwona ni adui. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi naongeza kwamba asiyekubali kuongozwa hakupata kuwa kiongozi. Alikuwa amekalia kiti tu.

UJUZI ULIOONDOKA NA WENYEWE

Niliahidi kwamba sitawasifu ovyo. Basi tuzungumze makosa.

Kenya ilikuwa taifa kubwa la mpira wa magongo. Avtar Singh Sohal, aliyeitwa Tari, alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma mwaka wa 1960 mpaka Munich mwaka wa 1972, na katika tatu kati ya hizo alikuwa nahodha. Mwaka wa 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona, Kenya ilikuwa ya nne. Ya nne duniani! Timu hiyo karibu yote ilikuwa ya Makalasinga na Wagoa.

Kisha nini? Mwaka wa 1967 zilitungwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Kiingereza wakaanza kuondoka. Walioondoka waliondoka na ujuzi wao. Mchezo ulikuwa umekaa katika vilabu vya jamii na shule za jamii, na kijana wa Kakamega au wa Kisauni alikuwa hajakabidhiwa gongo mapema ya kutosha. Tari mwenyewe hakukimbia. Alibaki akafundisha na kuamua michezo, na wachezaji Waafrika wakapatikana. Lakini mtu mmoja hawezi kuziba pengo la kizazi kizima. Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mpira wa magongo wa wanaume mara ya mwisho mwaka wa 1988.

Hapa kosa lilikuwa la pande mbili. Serikali ya mkoloni ilitutenga kwa shule na mitaa. Lakini nao wenzetu walikaa ndani ya kuta hizo kwa raha, hata kuta zilipokwisha kubomolewa. Duka lilikuwa la baba, mwana na mpwa, na Mwafrika alikuwa mbeba gunia miaka ishirini bila kufunguliwa daftari aone. Uchungu huo upo mpaka leo, na atakayesema haupo anajidanganya. Kiongozi anayewafunza watu wa nyumba yake peke yake anajenga nyumba isiyokuwa na majirani, na siku ya moto hakuna atakayeleta maji.

MIWA YA KAKAMEGA

Ukitaka kuyaona mambo yote haya kwa pamoja, njoo huku kwenye miwa.

Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka wa 1973. Kilikuwa fahari ya Kenya. Watoto walisomeshwa kwa miwa, nyumba za mabati zilijengwa kwa miwa, na wapo Waislamu wa Mumias waliokwenda Hija kwa miwa. Mwaka wa 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu wa wadai, kimejaa madeni, na wakulima wanadai jasho lao. Sababu zimetajwa nyingi, na wenye kuhukumu wahukumu. Mimi naona jambo moja: kampuni iliyokuwa na wasomi wengi na magari mengi ilishindwa kwa jambo lile lile alilolijua mtoto wa duka la Bagamoyo, kwamba kinachotoka kisizidi kinachoingia, na kila kitu kiandikwe kwa ukweli.

Si mbali na hapo, Kabras, kiko kiwanda cha West Kenya, cha ukoo wa Rai, kilichoanza kidogo. Kimeendelea kusaga miwa huku jirani yake mkubwa akizimika. Sisemi ni malaika. Bei ya miwa ni ugomvi wa kila msimu kati ya mkulima na mwenye kiwanda, na Mumias ilipokodishwa mwishoni mwa mwaka wa 2021 kwa kampuni ya mtu mwingine wa ukoo huo huo kutoka Uganda, tuliona kampuni mbili za damu moja zikivutana mahakamani. Hata wenye mali wanaweza kushindwa na somo la urithi.

Lakini kiwanda hicho cha Kabras kilifanya jambo moja ambalo nalipenda. Kiliitegemeza timu ya raga. Raga ilikuwa mchezo wa Nairobi na wa shule za wakubwa. Timu ya Kabras ikatwaa Kombe la Kenya mwaka wa 2016, ikakaa miaka ikinyimwa, ikalitwaa tena mwaka wa 2022 na wa 2023. Vijana wanaokimbia na mpira ule hawakuzaliwa katika ukoo wa mwenye kiwanda. Siku ya mchezo uwanja wa maonyesho wa Kakamega hujaa watu wanaoimba jina la mahali pao. Hapa angalau gongo limekabidhiwa, ingawa umbo lake limekuwa mpira wa yai.

TUCHUKUE LIPI?

Basi tukirudi barazani, yule mzee akisema tena kuwa wenzetu wana bahati, tumjibu nini?

Tumwambie kwamba walioinuka waliandika hesabu, na sisi tumeamrishwa kuandika na Mola wetu lakini tunaona haya kumwandikia ndugu. Tumwambie walianza na kuukuu. Tumwambie Mombasa yetu imetoa mkimbiaji wa dhahabu, na imetoa nahodha Muislamu aliyejua kushuka bila kununa. Kisha tumwambie na upande wa pili, kwamba wengi wao walishindwa kuwafunza wasiokuwa wao, na kile walichokishika kwa mikono miwili ndicho kilichowaponyoka.

Nina ombi moja dogo kwa kamati za misikiti, madrasa, vyama vya kusaidiana na timu zetu, kuanzia Lamu mpaka Vanga. Kabla ya Ramadhani ijayo, kila mwenyekiti aweke mezani vitu viwili. Cha kwanza ni daftari, lifunguliwe na kila mwanachama mwenye kutaka asome. Cha pili ni jina la kijana, mmoja tu, asiyekuwa mwanawe wala mpwawe, anayemfunza kazi ili amwachie. Mwenyekiti asiyeweza kuleta vitu hivyo viwili ajue kwamba anachokiita uongozi ni kungoja tu siku ya kuzikwa nacho. Na sote tumefunzwa kwamba kila mtu ni mchungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake.

Wala tusidhani jambo hili ni geni kwetu, la kuazimwa Bara Hindi. Wale wazee wa misafara waliofika Mumias hawakuacha maduka. Pembe walizozibeba zimekwisha, majina yao wengi hayajulikani. Lakini waliketi na watoto wa Kiwanga chini ya mti, wakawafunza alifu na bee, kisha watoto wale wakawafunza wengine. Leo, zaidi ya miaka mia baadaye, alfajiri ikipambazuka juu ya miwa, adhana unayoisikia ni ya mwadhini wa Kiluhya. Wazee wetu waliwakabidhi watu wasiokuwa wa damu yao kitu walichokipenda kuliko vyote, na hicho ndicho walichobakiwa nacho.

Waliweza wao, hawana benki wala simu. Sisi tunashindwa na nini?